Kuizungusha Tena Tureti: Hotuba kwa Wanafunzi na Walimu wa Ufundi, Mombasa

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi mliofika, mafundi wenzangu, na nyinyi wanafunzi ambao ndio hasa wenye shughuli hii: assalamu alaykum, na salamu kwa kila mmoja kwa imani yake.

Mimi ni mzaliwa wa Changamwe. Kazi ya pampu na mabomba ya haidroliki niliianza hapa hapa, kwenye kreni na winchi za bandarini, kabla ya maisha kunipeleka Uingereza. Kwa miaka kumi na miwili sasa, siku zangu za Jumamosi huzipitisha katika banda moja la ndege huko Lincolnshire, eneo la mashariki ya Uingereza lililokuwa limejaa viwanja vya ndege za mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Tuko watu wachache wa kujitolea, wengi wao wazee kuniliko, na kazi yetu ni kufufua tureti za ndege hizo. Mkuu wa Chuo aliponiomba nizieleze kazi hizo mbele yenu, aliniambia kwa uungwana kwamba wapo watakaouliza kwa nini fundi mzima ahangaike na kiti cha vita cha miaka themanini iliyopita. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa kuwaonyesha kazi yenyewe ilivyo.

Tureti, kwa wasiopata kuiona, ni kibanda cha chuma na plastiki angavu kilichopachikwa puani, mgongoni, tumboni au mkiani mwa ndege. Ndani yake hukaa mtu mmoja na bunduki mbili au nne za rashasha, na kibanda chote, yeye na bunduki zake, huzunguka kwa nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa au ya umeme. Haja yake ilitokana na mwendo. Katika ndege za zamani mpiga bunduki alisimama wazi upeponi na kuigeuza bunduki kwa mikono yake juu ya pete. Ndege zilipoanza kukaribia na kupita kilomita 300 kwa saa, upepo uliukamata mtutu kwa nguvu ambayo mkono wa binadamu haukuweza kushindana nayo, na kulenga shabaha kukawa kubahatisha. Kampuni ya Boulton Paul ikatangulia katika miaka ya 1930 kwa kuifungia ndege yake ya Overstrand tureti iliyofunikwa, iliyozungushwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na kuanzia hapo mafundi wa Uingereza wakagawanyika katika njia mbili ambazo mwanafunzi wa haidroliki atafaidika sana akizilinganisha.

Njia ya kwanza ni ya Archibald Frazer-Nash, yule yule aliyekwisha kujulikana kwa magari ya mashindano, na mwenzake Grattan Thompson. Tureti zao hujulikana kwa herufi FN na namba: FN5 ya puani, FN50 ya mgongoni, FN20 ya mkiani, na nyingine nyingi. Pampu ilifungwa kwenye injini ya ndege, na mafuta yakasafiri ndani ya mabomba membamba kutoka bawani hadi kwenye tureti, ambako katika ndege kubwa kama Lancaster ni safari ndefu kwelikweli. Mpiga bunduki alishika mikono miwili kama ya usukani wa baiskeli. Akiigeuza kushoto au kulia, tureti ilizunguka, na akiiinamisha mbele au nyuma, mitutu ilipanda au kushuka, na kadiri alivyogeuza zaidi ndivyo mwendo ulivyoongezeka. Utaratibu wote huo ulikaa katika vali moja isiyozidi ukubwa wa viganja viwili. Nimefungua vali nyingi maishani, za kreni, za matrekta, za malango ya meli, wala sijaona nyingine iliyoweka utiifu mwingi namna hiyo mahali padogo namna hiyo.

Njia ya pili Boulton Paul waliitoa Ufaransa, kwa mhandisi aliyeitwa de Boysson, ambaye haki za ubunifu wake walizinunua. Hapa mota ya umeme ilikaa ndani ya tureti yenyewe na kuendesha pampu yake humo humo, kwa hiyo kilichohitajika kutoka kwenye ndege ni waya tu. Ndege za Defiant na Halifax zilitumia tureti za aina hiyo, na mpiga bunduki aliiongoza kwa fimbo moja mkononi. Faida yake mtaiona mara moja mkifikiri kama mafundi. Tureti ya FN ilitegemea injini maalumu, na injini hiyo ikizimika au bomba likitobolewa na risasi, tureti ilikufa, na mtu akabaki akiizungusha kwa gurudumu la mkono huku akishambuliwa. Waya wa umeme nao hukatika, lakini haumwagi mafuta yanayoweza kushika moto ndani ya ndege. Kwa maoni yangu Boulton Paul walikuwa na mfumo bora, ijapokuwa mikono yangu inaipenda zaidi kazi ya Frazer-Nash.

Tureti za FN zilitengenezwa kwa wingi katika kiwanda cha Parnall, katika mji mdogo wa Yate karibu na Bristol. Tarehe 27 Februari 1941, mchana, ndege ya Ujerumani ilikipiga kiwanda hicho kwa mabomu, na wafanyakazi zaidi ya 50 wakafa. Nilikuwa nimekwisha kushika vipande vingi vya Parnall kabla ya kuyajua hayo. Tangu niyajue, kila ninapoona alama ya mkaguzi iliyogongwa kwenye chuma, namfikiria mtu aliyekuwa ameshika nyundo ile ndogo.

Habari hizi hazikuishia Ulaya. Uwanja wetu wa ndege wa Moi, wazee wa hapa wanaukumbuka kwa jina la Port Reitz, na mwezi Septemba 1943 palianzishwa hapo Kikosi cha 621 cha Jeshi la Anga la Uingereza, kikiwa na ndege za Wellington za kuwinda nyambizi katika Bahari ya Hindi. Mwezi Mei mwaka uliofuata, kikiwa kimekwisha hamia Aden, ndege zake zilikuwa miongoni mwa zile zilizoishambulia nyambizi ya Kijerumani U-852 mpaka ikapanda mwambani katika pwani ya Somalia. Wellington ilikuwa na tureti ya FN mkiani. Kwa hiyo mafuta ya tureti zile yamewahi kudondoka kwenye ardhi ya Changamwe, na babu yangu, ambaye wakati huo alibeba mapipa pale uwanjani kwa ujira wa siku, alikuwa akituambia watoto kwamba Wazungu walikuwa na ndege yenye mtu anayekaa kinyumenyume. Tulimcheka. Mpaka nilipoingia mwenyewe katika tureti ya mkiani, mgongo wangu ukiwa umeelekea rubani na macho yangu yakitazama nilikotoka, ndipo nilipomwelewa marehemu babu.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba chombo hiki kilikuwa muujiza. Tarehe 18 Desemba 1939 ndege 22 za Wellington zilifika karibu na kisiwa cha Heligoland cha Ujerumani mchana kweupe, bila ndege za kuzisindikiza, kwa imani kwamba zikiruka pamoja tureti zao zingelindana. Ndege 12 zilipotea. Marubani wa Kijerumani walikuwa wametambua kwamba tureti za puani na mkiani hazikuweza kugeuka vya kutosha kupiga pembeni, basi wakaja kwa pembeni. Baada ya hasara za namna hiyo Uingereza ilihamishia mashambulizi yake usiku, na mpiga bunduki wa mkiani akawa jicho la kutazama gizani zaidi kuliko mpigaji. Katika Lancaster alikaa nyuma ya bunduki nne za Browning zenye risasi takriban 2,500 kila moja, zikija kwa reli ndefu kutoka katikati ya ndege, na katika safari nyingi alirudi bila kufyatua hata moja. Baridi ilishuka hadi digrii 40 chini ya sifuri. Alivaa nguo zenye nyaya za umeme za kumpasha moto, na wengi walikata plastiki ya mbele ya tureti na kubaki wazi kwa upepo, kwa sababu tone la mafuta au mkwaruzo mdogo kwenye plastiki usiku huonekana kama ndege ya adui. Parashuti lake mara nyingi lilitundikwa nje ya tureti, ndani ya mwili wa ndege. Ili alifikie alipaswa kuirudisha tureti katikati, afungue milango midogo iliyo nyuma ya mgongo wake, anyooshe mkono, na ndipo aruke. Kama tureti ilikuwa imekwama pembeni, mnaweza kuelewa kilichofuata. Kati ya watu takriban 125,000 walioruka katika Kamandi ya Mabomu ya Uingereza, 55,573 walikufa. Na chini ya mabomu yao walikufa raia wengi mno, wazee na watoto, ambao hawakukaa katika tureti yoyote. Nayasema haya nikiwa mtu anayezirekebisha mashine hizi kwa mapenzi, na ninayajua kila ninapofungua mlango wa karakana.

Sasa niingie katika kazi.

Tureti haipatikani dukani. Zilitengenezwa Lancaster 7,377, na leo zinazoruka ni mbili tu duniani, moja Uingereza na moja Kanada, na hata ile ya Uingereza ilikaa miaka mingi bila tureti ya mgongoni mpaka ilipopatikana moja Argentina katika miaka ya 1970, kwa kuwa nchi hiyo ilinunua ndege za namna hiyo baada ya vita. Nyingine hutoka mashambani, ambako wakulima walizigeuza mabanda ya kuku au vifuniko vya miche, na nyingine hutoka chini ya maziwa na bahari. Ndege ya kijeshi iliyoanguka Uingereza inalindwa na sheria ya mwaka 1986, na haiguswi bila kibali cha Wizara ya Ulinzi, kwa sababu huenda ni kaburi. Na kabla fundi hajatia spana popote, mtaalamu huikagua kuona kama imebaki risasi hai. Saa na vipimo vya zamani vilipakwa rangi ya radiamu, metali yenye mionzi, iliyong'aa gizani, nayo bado ina mionzi ingawa mng'ao wake umekwisha. Kijana mmoja wetu aliwahi kukwangua uso wa kipimo kwa kisu akidhani ni uchafu, nasi tukafunga chumba kile hadi kilipopimwa na kusafishwa.

Adui mkubwa ni ulikaji. Mafundi wa zamani walihitaji wepesi, kwa hiyo wakatumia aloi za alumini na za magnesi, kisha wakazifunga kwa bolti za chuma cha pua na cha kawaida. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, ile dhaifu huliwa, na kati ya zote hizo magnesi ndiyo dhaifu. Nimefungua fremu iliyoonekana nzima kwa nje, nikaigusa kwa kidole, ikamong'onyoka kama chokaa ya ukuta mkongwe wa Mji wa Kale. Kipande kama hicho hakitengenezeki. Hupimwa, huchorwa, na kipya hukerezwa kwa aloi isiyolika haraka hivyo, halafu hugongwa tarehe ya mwaka huu, mahali ambapo mtu yeyote atakayeifungua baadaye ataiona.

Hesi, yaani nyuzi za bolti, nazo zina darasa lake. Bolti za Uingereza za wakati ule hazikufuata milimita, na nyuzi zake zina pembe nyingine kabisa. Bolti ya leo huingia mizunguko miwili kana kwamba ni yenyewe, kisha huuma na kuharibu tundu ambalo limekaa salama miaka themanini. Sisi tuna kabati zima la bolti tulizookota, tukazisafisha na kuzipanga kwa saizi, na mwanafunzi anayekuja kwetu hukaa mwezi mzima akijifunza kuzitambua kwa kidole kabla hajaruhusiwa kukaza hata moja.

Plastiki ya kuba, iliyouzwa kwa jina la Perspex, hugeuka manjano na kujaa nyufa nyembamba kama za gamba la yai. Vioo vipya hutengenezwa kwa kupasha karatasi ya plastiki katika tanuri mpaka ilegee, kisha kuivuta juu ya kalibu ya mbao iliyolainishwa kwa msasa hadi ing'ae, maana kila chembe iliyobaki juu ya kalibu hujichora kwenye kioo. Kalibu yetu ya kwanza ilimaliza miezi minane, na vioo vitatu vya mwanzo tulivitupa.

Lakini moyo wa tureti ya FN, na sehemu ninayoipenda kuliko zote, ni kiungo kinachozunguka. Fikirini: mafuta yanakuja kutoka kwenye ndege, ambayo imetulia, yakielekea ndani ya kibanda kinachozunguka. Mpira wa bomba ungejisokota na kukatika. Kwa hiyo katikati ya tureti pana kiungo cha mapete, ambamo mafuta hupita kutoka sehemu iliyosimama kwenda sehemu inayozunguka bila kuvuja, yakienda yakiwa na mkandamizo na kurudi yakiwa hayana. Sili za zamani, yaani pete za kuzuia kuvuja, zilikuwa za mpira ambao leo umekauka na kuwa kama makaa. Tunaweka sili mpya za mpira usiodhurika na mafuta, na hapo ndipo wengi hukosea, kwani sili mpya ni ngumu zaidi, na ikikazwa kupita kiasi tureti huzunguka kwa kushtukashtuka. Nyufa za vali ni nyembamba kuliko unywele. Chembe moja ya mchanga hutosha kuikwamisha, kwa hiyo mafuta huchujwa mara tatu kabla ya kuingia. Mwalimu wangu wa haidroliki, aliyenifundisha bandarini nikiwa na miaka kumi na tisa, alikuwa akisema uchafu ndio unaoua pampu, wala si uzee. Nimelitumia neno lake hilo kila Jumamosi.

Bunduki hazifufuliwi. Zile za asili tunazozitia zimeondolewa uwezo wa kufyatua kwa mujibu wa sheria na zina cheti cha ukaguzi, na penye upungufu tunaweka za kuigiza. Mimi binafsi nimeridhika hivyo. Ninachotaka kukirudisha ni mwendo, na mwendo hauhitaji risasi.

Liko jambo tunalobishana kwa moyo kila mwaka katika banda letu: turudishe kiasi gani? Mifano miwili itawaonyesha. Mwaka 1973 Halifax W1048 ilitolewa katika ziwa moja la Norway, nayo iko katika makumbusho ya jeshi la anga jijini London, sehemu yake kubwa ikiwa imeachwa kama ilivyotoka majini, na majeraha yake yote. Mwaka 1995 Halifax nyingine, NA337, ilitolewa katika ziwa Mjøsa, Norway hiyo hiyo, ikapelekwa Trenton, Kanada, na kufikia 2005 ilikuwa imekamilika kama iliyotoka kiwandani. Katika ndege hiyo ya pili aliyenusurika alikuwa mmoja tu, naye ni mpiga bunduki wa mkiani. Wenzangu wengi huiona ya Trenton ndiyo kazi ya fundi. Naiheshimu sana, na najua ujuzi uliotumika. Hata hivyo, nimesimama mbele ya ile ya London kwa saa nzima, na nimeamini kwamba chombo kikishakuwa cha mwisho au kinachokaribia kuwa cha mwisho, fundi hana ruhusa ya kufuta kilichoandikwa juu yake na maisha. Tureti inaweza kuzunguka bila kung'arishwa.

Tureti tuliyoimaliza mwaka jana ilikuwa ya mkiani. Upande wa ndani wa mlango mmoja, chini kidogo ya kitasa, nilikuta mistari kumi na mmoja iliyokwaruzwa kwa ncha ya kitu kama msumari, yote ya urefu mmoja, na ya mwisho imekaa upande kidogo. Huenda ni hesabu ya safari, huenda ni kitu kingine. Mwenzetu mmoja mwenye mkono mzuri wa rangi alikuwa amekwisha kuandaa msasa ili mlango ule upakwe kijani sawasawa na mwingine. Tulibishana wiki mbili. Mwishowe mlango ulisafishwa kwa sabuni laini na brashi, ukapakwa nta, na mistari iko pale pale, na wageni wanaoketi humo huipapasa bila kuambiwa.

Siku ya majaribio tuliunga pampu ya umeme badala ya injini, tukatoa hewa yote kwenye mabomba, nami nikapewa heshima ya kukaa ndani. Niligeuza mikono kulia kwa upana wa kidole. Kibanda kilinung'unika, kikasita, halafu kikaanza kuzunguka taratibu, na ukuta wa banda ukaanza kupita mbele ya macho yangu kama ukuta unaopita mbele ya abiria wa treni inayoondoka. Mzee mmoja aliyesimama nje, ambaye baba yake hakurudi kutoka Ujerumani mwaka 1944, aliomba aingie baada yangu. Alikaa bila kugusa chochote kwa muda mrefu, kisha akaomba tumzungushe hadi aangalie nyuma kabisa, na tumwache hapo kidogo. Tulimwacha. Wakati huo kiungo cha mapete kilikuwa kikidondosha tone moja la mafuta kila baada ya nusu dakika, na hakuna aliyelisemea mpaka mzee alipotoka.

Tone hilo limetusumbua tangu wakati ule, na ndilo lililonifanya nije na sanduku mnaloliona pale mezani. Ndani yake mna kiungo cha aina ile ile, kutoka tureti iliyolika kiasi cha kutofufuka, pamoja na vali yake ya kuongozea. Nimemwomba Mkuu wa Chuo, naye amekubali, kwamba vibaki hapa kuwa mali ya karakana yenu. Kesho saa nne asubuhi tutavifungua pamoja. Njooni na mikono safi, na kila mmoja aje na kitambaa kisichotoa nyuzi.